Nesi Mkali, Nesi Mwema

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa David Sando na wenzake katika hospitali moja kubwa ya rufaa jijini Dar es Salaam. Wanawake waliojifungua hapo waliulizwa, kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, kama walitukanwa, walipigwa, walitelekezwa au walivunjiwa heshima kwa namna yoyote ile. Wapatao 15 katika kila 100 walisema ndiyo. Wiki nne hadi sita baadaye, kundi dogo miongoni mwao lilifuatwa majumbani na kuulizwa tena. Huko, mbali na vitanda vya wodi na macho ya manesi, waliosema ndiyo walifika 70 katika kila 100.

Yaliyotendeka leba yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni mahali pa kuyasimulia. Mama aliyelala wodini, mtoto salama ubavuni, ana kila sababu ya kusema "nashukuru, wamenihudumia vizuri". Amefurahi, amechoka, na anawaogopa watu ambao jioni ndio watakaorudi na sindano. Akishafika nyumbani, akakandwa maji ya moto na kuhadithiana na dada zake, anaanza kuyaona upya aliyopitia. Mkoani Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza, utafiti mwingine ulikuta hali hiyohiyo kwa kiwango cha chini zaidi: walalamikaji 19 katika kila 100 wakati wa kutoka hospitali, 28 walipofuatwa vijijini.

Takwimu za namna hii zimezungumzwa sana, na karibu zote ni ushuhuda wa upande wa akina mama. Je, wakunga wenyewe wanaionaje kazi yao? Wakihojiwa, wengi hujieleza kuwa ni watu wanaojali wagonjwa, na hakuna sababu ya kudhani wanadanganya. Ugumu ni kwamba jambo ambalo mkunga analihesabu kuwa ni kujali, na lile ambalo mama aliye kitandani analipokea kama kujali, mara nyingi ni mambo mawili tofauti. Palipo na pengo hilo ndipo ukali umejijengea makao na kupata hata heshima.

Fani ya uuguzi imelifikiria suala hili kwa muda mrefu. Mmarekani Jean Watson aliandika mwaka 1979 kwamba kujali ndicho kiini cha uuguzi. Baada yake Kristen Swanson, aliyefanya utafiti wake na wanawake waliopoteza mimba na wahudumu wa watoto wachanga mahututi, alitaja mambo matano: kumjua mtu unayemhudumia, kuwa pamoja naye, kumtendea asichoweza kujitendea, kumwezesha, na kumtia imani kwamba atavuka. Ukiyachukua matano hayo ukaingia nayo katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, utaona haraka kwamba moja limeyameza manne mengine. Kumtendea mama ndiyo kazi yenyewe: kupima njia, kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, kuchoma oksitosini, kutoa kondo la nyuma, kushona palipochanika. Kila kimoja kina mahali pake kwenye partografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu, au kwenye faili. Nusu saa iliyotumika kukaa na msichana anayejifungua kwa mara ya kwanza, kumshika mkono na kumweleza kinachofuata, haiandikwi popote, na hakuna msimamizi atakayeiulizia.

Mkunga anayejipima kwa vitendo hivyo asibezwe. Katika miaka ya 1980 mtafiti Patricia Larson aliwataka manesi na wagonjwa wa saratani nchini Marekani wapange vitendo vya kujali kwa umuhimu. Manesi walitanguliza kusikiliza na kufariji. Wagonjwa walitanguliza nesi anayejua kuchoma sindano, kutundika dripu na kuendesha mashine. Wodi ya wazazi nayo haikwepi ukweli huo: mama anayevuja damu anataka kwanza mtu anayejua kuizuia. Wakunga wa Tanzania wana haki ya kujivunia kwa upande huu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi katika kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakadiria vifo 104. Wanaojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka 63 hadi 81 katika kila 100. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imepita katika mikono ya manesi na wakunga, wengi wao wakiwa zahanati zisizo na daktari.

Basi mkunga anapoulizwa kujali ni nini, jibu linalomjia kwanza ni mama mzima na mtoto mzima. Na kutokana na jibu hilo, ukali unapata kazi ya kufanya.

Hali yenyewe wanaoijua wataitambua. Njia imefunguka sentimita kumi. Kichwa kinachungulia, kisha kinarudi. Mama ameishiwa nguvu, anabana mapaja, anataka kushuka kitandani, anamwita mama yake. Mkunga anasikiliza mapigo ya mtoto na hayapendi anayoyasikia. Anapaza sauti: sukuma, unataka kuua mtoto? Mapaja yasipofunguka, kofi linatua. Dakika chache baadaye mtoto analia, anafungwa kitovu, anawekwa kifuani, na mkunga, jasho likimtiririka, anaamini kwa dhati kwamba kofi lile limeokoa maisha. Pengine mama naye ataamini hivyo, na akirudi kliniki na mtoto aliyenona atamshukuru nesi mkali kuliko yule mpole aliyekuwa zamu ya mchana. Maelezo haya hujirudia katika mahojiano na wakunga wa Kenya, Tanzania, Ghana na Nigeria kana kwamba wamesomeshwa darasa moja. Kwa namna fulani wamesomeshwa: chuoni mwanafunzi anajifunza mawasiliano na haki za mteja, halafu akifika leba anamtazama dada mwenye uzoefu wa miaka 20 anavyofanya, na huyo ndiye anayemsainia kitabu chake cha mazoezi. Nchini Ghana, wanafunzi wa ukunga walipohojiwa walieleza waziwazi kwamba kupiga na kukaripia ni makosa, kisha wakaeleza ni lini inabidi ufanye.

Je, kofi linaokoa? Tufuate elimu ya ukunga ilipofika. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu inasema mama ahimizwe kusukuma kwa kufuata msukumo wa mwili wake mwenyewe, achague mkao anaotaka, asikandamizwe tumbo ili mtoto atoke, na asiongezewe njia kama utaratibu wa kila mtu. Iliondoa pia shinikizo la kwamba njia lazima ifunguke sentimita moja kila saa, kipimo ambacho kwa miaka mingi kiliwafanya akina mama waonekane wazembe kwa sababu tu miili yao ilienda polepole. Kelele nyingi za leba zimejengwa juu ya kanuni ambazo taaluma yenyewe imeshaziacha. Mtoto akiwa taabani kweli, zipo hatua za kuchukua: kumgeuza mama alale ubavu, kuita msaada, kutumia kifaa cha kuvuta mtoto, kumpeleka chumba cha upasuaji. Kofi halimo. Mkunga anayelitumia mara nyingi anakosa mojawapo ya hizo, au hakufundishwa kuitumia, na woga wake unatokea mkononi.

Kwamba woga unahusika, nyakati zenyewe zinaonyesha. Katika utafiti wa nchi nne ulioongozwa na Meghan Bohren na kuchapishwa mwaka 2019, watazamaji walikaa na wanawake zaidi ya 2,000 leba katika nchi tatu kati ya hizo, yaani Ghana, Guinea na Nigeria. Zaidi ya 40 katika kila 100 walifanyiwa ukatili wa mwili, wa maneno, au ubaguzi. Matusi na vipigo vilipanda kuanzia nusu saa kabla ya mtoto kutoka hadi robo saa baada ya hapo, yaani wakati hasa ambapo mkunga ana hofu kubwa ya kupoteza mtu.

Lakini utafiti huohuo una jambo jingine, na hapa hoja ya woga inaishia njiani. Waliotendewa vibaya zaidi walikuwa wasichana wadogo, wa miaka 15 hadi 19, na wanawake wasiosoma. Woga wa mtoto kufa hauchagui umri wala elimu. Kama ukali ni dawa ya dharura, mke wa mkurugenzi naye angeonja kofi dharura ikimpata. Kila anayefanya kazi leba anajua kwamba haonji.

Mwaka 1998 Rachel Jewkes na wenzake waliuliza nchini Afrika Kusini kwa nini manesi huwatesa wagonjwa. Waliona watu waliopanda ngazi ya maisha kwa shida, kutoka familia maskini hadi sare nyeupe, na ambao nafasi yao hiyo waliilinda kwa kujitenga na wanawake waliowakumbusha walikotoka. Waliona pia kwamba nesi asiye na sauti mbele ya daktari na uongozi hujipatia mamlaka mahali pekee yanapopatikana, yaani kwa mgonjwa. Uchambuzi huo bado unauma. Msichana wa shule aliyekuja na mimba, bila beseni, bila kanga za kutosha, bila wa kumsindikiza, anapokelewa kwa maswali ambayo hayamo katika fomu yoyote ya hospitali. Anaambiwa alipokuwa akifanya hayo hakulia, kwa nini alie sasa. Kauli hiyo imesikika katika wodi nyingi mno kuweza kuitwa ulimi kuteleza wa nesi mmoja mchovu. Mhudumu anayeitoa hahofii maisha ya mtu wakati huo. Anahukumu.

Kwa hiyo kuna ukali wa aina mbili unaotembea kwa jina moja. Wakunga wanapojitetea kwa ule wa kwanza, wa dharura, wanauwekea kivuli ule wa pili. Na wanaharakati wanapoushambulia wa pili bila kuutambua wa kwanza, wakunga wanafunga masikio.

Uhaba nao usikwepwe, maana ndio jambo la kwanza ambalo mkunga yeyote atakutajia. Kwa miaka mingi ripoti za serikali ya Tanzania zimeonyesha pengo la watumishi wa afya la karibu nusu ya wanaohitajika. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, Zanzibar, watafiti wa mradi wa PartoMa walikuta mhudumu mmoja akiwaangalia wanawake watatu hadi sita wenye uchungu kwa wakati mmoja. Kusikiliza mapigo ya moyo wa kila mtoto kila nusu saa, kama vitabu vinavyotaka, hakuwezekani hapo, hata mhudumu awe malaika. Mradi huo, uliowahusisha Nanna Maaløe na daktari Tarek Meguid, ulianza kwa kukubali jambo hilo. Ukaandaa kijitabu cha mfukoni chenye miongozo inayotekelezeka kwa watumishi waliopo, ukafundisha kwa vipindi vifupi vya mara kwa mara, na watoto waliozaliwa wafu wakapungua kutoka 59 hadi 39 katika kila vizazi 1,000. Ufundi na staha vilifundishwa pamoja.

Nchini Kenya, uhaba ulionyesha sura yake mbaya mwaka 2013. Mwezi Juni serikali ilitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma ni bure. Wanawake wakaja, kama ilivyotarajiwa, na manesi walibaki walewale. Agosti mwaka huohuo, katika hospitali ya umma ya Bungoma, mama mmoja aliyepewa dawa ya kuanzisha uchungu aliambiwa ajiendee mwenyewe chumba cha kujifungulia muda ukifika. Alikwenda, akakuta vitanda vimejaa, akageuka, akaanguka, akajifungulia sakafuni. Alizinduliwa kwa karipio la manesi kwamba amechafua sakafu, akaamriwa abebe kondo lake arudi nalo kwa miguu. Kuna mtu aliyerekodi kwa simu, na nchi nzima ikaona. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba utu wake na haki yake ya afya vilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi.

Tukio hilo husomwa kwa njia mbili. Wapo wanaoona vitanda vilivyojaa, na wapo wanaoona karipio. Wakunga wengi huona vitanda, na ni kweli kitanda kilikosekana kwa sababu ya uamuzi wa kisiasa uliotolewa bila bajeti ya watumishi. Ila uhaba wa vitanda haumlazimishi mtu kumkaripia mama aliyelala kwenye damu yake. Karipio na agizo la kubeba kondo vilihitaji uamuzi wa mtu, dakika ileile, mbele ya wenzake ambao hawakumzuia.

Ushahidi wa kutia moyo zaidi, na wa kusumbua zaidi, unatoka tena Tanzania. Mwaka 2018 Kana Shimoda na wenzake, wakiwamo Sebalda Leshabari na Shigeko Horiuchi, walichapisha matokeo ya kuwatazama wakunga kazini katika vituo vya umma vya mjini. Hawakukuta wakunga wema upande huu na wabaya upande ule. Wote waliotazamwa walionyesha heshima na dharau pia, kwa viwango tofauti. Mtu yuleyule aliyemkanda mama mgongo alimwacha mwingine wazi bila kumfunika. Hili linapaswa kuzimaliza zile ziara za viongozi zinazoishia kwa nesi mmoja kusimamishwa kazi mbele ya kamera. Nesi anaondoka, wodi inabaki ilivyo, na waliobaki wanajifunza kuficha.

Huko Migori, magharibi mwa Kenya, Patience Afulani na wenzake waliwauliza watoa huduma kwa nini hawajitambulishi kwa mama, hawamwelezi wanachofanya, hawamwombi ruhusa kabla ya kumpima. Majibu yanatufungulia mlango. Muda hautoshi, wengine walisema. Lugha haziingiliani. Wengine walidhani mama hana haja ya kujua, au hataelewa, au akiulizwa atakataa na kuchelewesha kazi. Kwa macho ya watoa huduma hao, maelezo ni ziada inayoongezwa nafasi ikiwapo. Kwa mama anayeingiziwa vidole na mtu asiyemjua jina, mbele ya mapazia yasiyofungika, maelezo ndiyo tofauti kati ya kuhudumiwa na kushambuliwa. Sentensi moja, "mama, mimi naitwa fulani, nakupima njia sasa, itauma kidogo", inachukua muda mfupi kuliko kuvaa glavu. Hoja ya muda inamshinda mtu mwenye wagonjwa sita katika mambo mengi, lakini si katika hili.

Kikundi hichohicho cha Migori kilikuta msongo na uchovu wa kazi umeenea miongoni mwa watoa huduma, kikaandaa mpango unaoanza kwa kuwajali wao ili nao waweze kuwajali akina mama. Huko Korogwe walikuwa wameshapita njia inayofanana. Mradi wa Staha, ulioshirikisha Taasisi ya Afya Ifakara, uliwakutanisha wananchi na watumishi waandike pamoja mkataba wa huduma kwa mteja, kisha hospitali yenyewe ikachagua mabadiliko. Waliyoyachagua yana unyenyekevu wa kupendeza: mapazia kwenye vitanda vya kujifungulia, chumba cha faragha cha kupokelea wajawazito, orodha ya dawa zilizokwisha ibandikwe mahali pa wazi ili mama asidhani nesi ameificha, akina mama waulizwe maoni wanapotoka, mtumishi aliyekosea aitwe na kuongeleshwa. Na chai kwa watumishi wa zamu. Ikilinganishwa na Muheza, ambako mradi haukuwapo, uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulishuka kwa takriban theluthi mbili, na vipigo na kutelekezwa ndivyo vilivyopungua zaidi. Hakuna aliyeongeza idadi ya manesi mara mbili ili hayo yatokee.

Orodha ya dawa ukutani inastahili kutazamwa tena. Mama akiambiwa anunue glavu na uzi wa kushonea katika hospitali aliyoambiwa ni bure, anamshuku nesi. Nesi, anayejua stoo ni tupu tangu wiki iliyopita, anajiona ametukanwa bila kosa, na anajibu kwa ukali. Karatasi moja ukutani iliondoa chanzo cha ugomvi ambacho semina nyingi za kauli njema hazijawahi kukigusa.

Linabaki suala la mtu wa kuwa pamoja na mama. Ikiwa mkunga mmoja hawezi kukaa na wanawake wanne, ndugu anaweza kukaa na mmoja. Mapitio ya majaribio 26 kutoka nchi mbalimbali, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba mwanamke mwenye mtu wa kumtegemeza muda wote wa uchungu hujifungua haraka kidogo, hupungukiwa na uwezekano wa kupasuliwa, na huridhika zaidi. Mkoani Kigoma, shirika la Thamini Uhai lilijaribu kuruhusu mwenza wa kujifungua katika vituo vya afya na hospitali, na akina mama waliokuwa na wenza walisifu huduma zaidi kuliko wasiokuwa nao. Wakunga wengi huanza kwa kukataa: ndugu wataleta uchafu, watapiga kelele, watarekodi kwa simu, watashitaki. Baada ya kufanya kazi nao, wengi hubadili kauli. Mwenza humletea mama maji, humkanda kiuno, humwita mkunga damu inapoanza kutoka. Pia humtazama mkunga, na mkunga anayetazamwa na mama mkwe wa mtu hapigi kofi kirahisi.

Kinachowazuia wenza katika vituo vingi ni chumba. Vitanda vitatu vimepangwa bila hata shuka la kuvitenganisha, kwa hiyo mume wa mmoja hawezi kuingia bila kuwaona wake za watu, na hata mama mzazi anaondolewa ili kulinda faragha ya wengine. Tanzania imejenga na kukarabati mamia ya vituo vya afya tangu mwaka 2017, na ujenzi haujaisha. Wakunga wanaofanya kazi humo wanajua kitanda kikae wapi, mlango ufungukie upande gani, na mwenza akae kwenye kiti gani bila kuzuia njia ya dripu. Waitwe mezani kabla michoro haijapitishwa, maana zege likishamwagwa, mama wa Nanjilinji au wa Kakonko atajifungua katika jengo jipya akiwa peke yake kama dada yake alivyokuwa katika lile la zamani.